Chupa ya Fundi wa Maji

Kwetu hakuna anayekunywa. Baba ni mzee wa kanisa, mama ni mwanakwaya, na mimi ndiye mtoto aliyewaaibisha: nasimamia stoo ya vinywaji ya hoteli moja Nairobi, na kila asubuhi natoka Kitengela kwenda kukagua chupa ambazo sitazionja. Mama akiulizwa nafanya kazi gani, husema niko upande wa jikoni. Nimeacha kumrekebisha. Hata hivyo, chupa ya thamani kuliko zote nilizowahi kushika haikuwa hotelini. Ilikuwa sebuleni kwetu, ndani ya kabati la vyombo, katikati ya picha ya harusi ya wazazi wangu na kikombe ambacho kwaya ya mama ilishinda, nayo ilikuwa imevalishwa kitambaa cha uzi wa manjano alichofuma mama mwenyewe.

Tulitoka magharibi kuja huku kwa sababu ya kazi ya baba. Alikuwa fundi wa pampu kwenye ranchi ya ng'ombe nje ya mji wa Kajiado, mali ya Mskoti mmoja mrefu ambaye maneno yake yalikuwa machache. Kulikuwa na kisima kirefu, injini ya dizeli, na mabomba yaliyopeleka maji kwenye mabirika ya mifugo. Kiangazi kikikolea, watu wote wa ranchi waliishi kwa kutega sikio kama injini ya baba bado inanguruma. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa.

Ranchi ilipouzwa ili ikatwe viwanja, tajiri aliwaita wafanyakazi ofisini mmoja mmoja, akiwa na orodha mkononi, akawaaga. Wachungaji walipewa ng'ombe. Dereva alipewa gari kuukuu la kubebea nyasi. Mpishi alipewa friji na vyombo vya nyumba kubwa. Baba hakuitwa. Alasiri, tajiri aliendesha gari peke yake hadi kwenye nyumba ya pampu, akashuka na sanduku la mbao, akamwekea baba mikononi, akamshika bega, akaondoka. Ndani ya sanduku mlikuwa na chupa ya wiski.

Na Mskoti alijua vizuri kabisa kwamba baba hanywi. Kila Krismasi aliwagawia wafanyakazi bia, na kila Krismasi bia ya baba ilirudi kwa mpishi. Sasa huyu mtu, baada ya miaka kumi na tisa ya maji, anampa pombe, tena kando, mahali ambapo hakuna wa kuona, kama mtu anayeficha kitu. Baba hakulilia ng'ombe wala gari. Aliumwa na swali moja tu, na aliliuliza mara nyingi sana nilipokuwa nakua, wakati mwingine katikati ya chakula.

"Mnafikiri alinisahau, ama alinidharau?"

Mama alikuwa na jibu lake. "Alikusahau. Wazungu wako na mambo mingi."

Baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja, alikuwa na lake. Huyu kila Desemba hufika kwetu na kuku wawili na maneno ya kuchokoza. Mwaka ule wa kwanza aliisikia habari ya chupa akacheka mpaka akashika ukuta. "Fundi wa maji amelipwa pombe," alisema, na tangu siku hiyo akawa anaisema kila Desemba, hata kabla ya kuketi. Sisi watoto tulicheka kwa sababu ilichekesha. Baba aliinamisha kichwa akasubiri yapite. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi, na sijivunii.

Tulipohamia Kitengela, mambo mawili yalifanyika kuhusu chupa hiyo, yote kwa nia njema kabisa.

La kwanza ni la mama. Ibada za nyumbani zilizunguka kutoka familia hadi familia, na zamu yetu ilipofika, mama alitazama lile kabati akaona wageni watakavyosoma neno "wiski" huku wakiimba. Hakutaka kuitupa chupa, kwa maana ilikuwa ya mumewe. Basi akailoweka kwenye beseni la maji moto, akabandua lebo yote, akasugua gundi iliyobaki kwa majivu, akaivalisha kitambaa. Ilipendeza. Mke wa mchungaji aliuliza kama ni mafuta ya zeituni kutoka Yerusalemu. Mama akasema ni kitu cha zamani cha Baba, jambo ambalo lilikuwa kweli.

La pili ni la baba mwenyewe. Kanisa letu lilianza kwenye jengo la mabati, na halikuwa na sanduku la sadaka. Watu walitoa kwenye kikapu cha kubebea nyanya. Baba alilitazama sanduku la chupa. Lilikuwa la mbao ngumu, limeungwa vizuri, na ndani lilitandikwa mahameli ya kijani. Akachukua msasa akafuta maandishi ya nje mpaka mbao ikawa nyeupe, akatoboa mwanya kwenye kifuniko, akatia kufuli na vanishi, akalipeleka kanisani. Hakuna aliyeuliza lilikotoka. Walilisifu sana lile mahameli, maana sarafu zikianguka hazikupiga kelele, na maskini na tajiri wakatoa bila kusikiana.

Kwa hiyo miaka ikapita. Chupa ikabaki kabatini bila jina na sanduku likabaki madhabahuni bila jina.

Hotelini kwetu huja wakili mmoja mstaafu anayeishi Ngong. Ni mkusanyaji wa wiski za zamani, zile za shayiri tupu zinazotengenezwa na kiwanda kimoja na kulala miaka mingi kwenye mapipa ya mwaloni. Yeye mwenyewe hunywa kidogo mno. Hununua ili aweke. Nilimwona ni mtu wa ajabu, mpaka nilipokumbuka kwamba baba pia alikuwa ameweka yake miaka thelathini na ushee bila kuionja. Siku moja alinionyesha kitabu cha picha za chupa adimu. Nilifungua ukurasa mmoja nikaona mabega mapana, shingo fupi, nta nyekundu juu ya kizibo, na mganda wa shayiri uliochongwa kwenye kioo. Niliifahamu mara moja. Nilikuwa nimeipangusa vumbi la Kitengela kila Jumamosi ya utoto wangu.

Nilimwambia. Akafunga kitabu, akaniuliza kama anaweza kuja kesho.

Alikuja kesho yake, Jumamosi. Mama alimpikia chapati, bila kufurahi. Baba alivaa koti. Wakili aliivua chupa kile kitambaa cha manjano kwa vidole viwili, taratibu, akaiinua dirishani. Alitazama nta. Alitazama wiski imefika wapi shingoni. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Lebo iko wapi, mzee?"

Baba akamtazama mama. Mama akatazama chapati.

"Niliosha," mama akasema.

Wakili akafunga macho kidogo. Ni mtu mwenye adabu. Akatueleza kwamba kiwanda hicho kilitumia chupa za umbo hilo kwa wiski za miaka kumi na pia kwa wiski za miaka arobaini. Ile ya kumi hata wakati huo iliuzwa madukani kwa kila mtu. Zile za arobaini zilitoka chache sana, na watu wa nchi nyingi wanazitafuta. Kwa kutazama kioo hawezi kujua hii ni ipi. "Ni kama ng'ombe haina alama, mzee. Hata kama ni mzuri aje, soko ya Kajiado watakuuliza ni ya nani."

"Na hii miaka yote imekaa hapa kwangu?" baba akauliza. "Hiyo si inaongezeka?"

"Pole. Ya kwenye chupa haihesabiwi. Inazeeka kwa pipa peke yake. Na hata huko, kila mwaka kidogo inapotea kwa hewa. Waskoti wanasema hiyo ni sehemu ya malaika."

"Malaika gani hao?" mama akauliza. Chapati zikaacha kuzunguka meza.

Baba yeye hakujali malaika. Alikuwa amesogea mbele ya kiti. Nilielewa kilichokuwa kinamzunguka kichwani, kwa sababu hata mimi kilikuwa kimeanza kunizunguka. Ikiwa ni ya miaka kumi, basi mama alisema kweli, na baba mdogo alikuwa na haki ya kucheka: Mskoti alisahau mtu mmoja kwenye orodha, akapitia kabatini kwake, akachukua chupa ya dukani. Ikiwa ni ya arobaini, ni habari nyingine.

"Hakuna njia ya kujua?" baba akauliza.

"Kuifungua na kuonja, na hapo itakuwa imekwisha bei. Ama sanduku. Hizi za arobaini zilikuwa zinakuja na sanduku ya mbao, na chini ya kitambaa ya ndani wanaweka cheti, iko na namba. Hamkuwa na sanduku?"

Mama akaanza kupanga upya vikombe vilivyokuwa vimeshapangika.

"Tuko nalo," baba akasema mwishowe. "Liko kanisani."

Wiki mbili hakuligusa. Ufunguo mmoja wa sanduku alikuwa nao yeye, kama mzee wa kanisa, kwa hiyo kulifungua hakukuwa shida. Shida ilikuwa kwamba sasa alijua alichokiweka madhabahuni. Alikuwa amekijua siku zote, bila shaka, lakini kuna kujua na kuna kuambiwa na mgeni mbele ya mkeo. Jumapili ya kwanza alitumbukiza sadaka yake akiwa ameangalia pembeni. Jumapili ya pili alimpa mama amtilie. Nilimwambia aachane na habari hiyo. Nilimwambia tajiri alishakufa, ranchi sasa ni mabati na maghorofa, na jibu halitamuongezea kitu. Nilisema kwa upole, na nilidhani nimesema la busara.

"Wewe unaona ni chupa," akanijibu. "Mimi nataka kujua kama yule mtu aliniona."

Zamu ya mama ya kufagia kanisa ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Tulienda watatu, saa sita mchana, mabati yakilia kwa joto. Baba alikuja na bisibisi yake ndogo ya pampu, ileile yenye mkono wa mbao. Sanduku lilikuwa tupu siku hiyo. Alilifungua, akaling'oa mahameli msumari mmoja baada ya mwingine, akiipanga misumari hiyo, aliyoipigilia mwenyewe alipolifanya la sadaka, kwenye kiti ili isipotee. Mama alisimama mlangoni na ufagio, akifagia mahali pamoja tu.

Chini ya kitambaa kulikuwa na karatasi nene, rangi ya maziwa, na juu yake kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono. Baba alinipa zote mbili. Kiingereza chake ni cha mashine, hakisomi mwandiko.

Nilisoma karatasi kwanza. Ilikuwa na jina la kiwanda, namba ya chupa, na miaka: arobaini.

"Arobaini," nikasema.

Baba akaketi kwenye benchi. Mama akaacha kufagia. Ningeweza kuishia hapo, na nilitaka kuishia hapo, kwa sababu kadi nilikuwa nimeshaipitia kwa macho. Haikuandikiwa baba. Ilitoka kwa ndugu wa yule Mskoti, ikimpongeza kwa kutimiza miaka sitini, ikimwambia aitunze chupa hii mpaka apate jambo linalostahili. Kwa maneno mengine, tajiri alimpa baba zawadi aliyopewa yeye. Aliitoa nyumbani akiwa anafunga mizigo. Nilikasirika, kusema kweli. Nilikasirika kuliko nilivyotarajia kwa jambo ambalo wiki mbili nzima nilikuwa nikiliita upuuzi. Niliwaza kuitia kadi mfukoni na kusema ni stakabadhi ya duka.

"Na hiyo ingine inasema nini?"

"Ni kadi tu, Baba."

"Soma."

Nikasoma, kwa Kiswahili, yote. Sikupunguza. Alinifanya nirudie mahali pa ndugu na mahali pa jambo linalostahili. Kisha akaichukua kadi akaishika kwa mikono miwili, ingawa hakuweza kuisoma.

"Kwa hivyo ilikuwa yake," akasema.

"Ndiyo. Alipewa yeye. Hakukununulia."

"Wale ng'ombe walikuwa wa ranchi," baba akasema polepole, kama mtu anayefuata bomba kutafuta mahali linapovuja. "Ile gari ilikuwa ya ranchi. Friji, ya ranchi. Ndiyo maana walikuwa kwa orodha. Hii haikuwa kwa orodha. Hii ilikuwa yake, alipewa na ndugu yake, na akakaa bila kuifungua." Akaigeuza kadi. "Akaniletea mwenyewe kwa pampu."

Mama alikuja akaketi kando yake. Hawakushikana wala nini, hao si watu wa hivyo. Nami nilisimama pale na karatasi ya namba mkononi, mimi mtaalamu wa vinywaji. Nilikuwa nimeisoma kadi kwa macho yangu mazuri na nikaielewa vibaya kuliko mtu asiyejua kuisoma.

Nilidhani atalirudisha mahameli na tutaondoka. Alilirudisha, lakini Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama.

"Ndugu zangu," alisema, "hili sanduku la sadaka lilikuja na pombe ndani. Mimi ndiye nililileta na sikusema. Hiyo pombe iko kwangu kwa nyumba. Haijafunguliwa."

Watu wakageuka kutazamana. Kisha mama mmoja wa nyuma kabisa, ambaye nadhani alikuwa amesinzia, akaitikia kwa mazoea, "Bwana asifiwe," na nusu ya kanisa ikajibu amina kabla ya kujizuia.

Baraza la wazee halikucheka. Lilimpumzisha kazi kwa miezi mitatu, likachukua ufunguo, likanunua ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na kumrudishia sanduku lake. Jambo hilo lilimuuma, na alisema linamuuma. Alilibeba nyumbani kwa miguu, mchana kweupe, kupita kwa majirani wote, na alipofika akaivua chupa kitambaa, akailaza ndani yake. Ilitoshea vilevile. Sarafu sasa zinaanguka kwenye ndoo na kila mtu anasikia jirani yake ametoa nini.

Wakili alipiga simu mara nne. Bila lebo, alisema, na kifuniko kikiwa kimetobolewa, bei imeshuka, lakini cheti kipo na namba ipo, na bado ni bei ya kumfanya mtu aketi chini. Baba alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho kila mara. "Hapana, wakili," alisema. "Mimi nimepewa."

Desemba baba mdogo alifika na kuku wake wawili. Amezeeka, anatembea na mkongojo sasa, na alikuwa bado hajafika kwenye kiti alipoanza.

"Fundi wa maji amelipwa pombe."

Baba hakuinamisha kichwa. Alinyanyuka, akatoa sanduku kabatini, akaliweka juu ya magoti ya ndugu yake, akalifungua, akampa kadi. Baba mdogo alitafuta miwani asiione, kwa hiyo nikasoma mimi. Nilisoma polepole, na safari hii nilijua mahali pa kupumzika. Baba akamweleza habari ya orodha, ya ng'ombe wa ranchi na gari la ranchi, na ya kitu ambacho hakikuwa cha ranchi.

Baba mdogo aliitoa chupa akaishika magotini. Alipitisha kidole kwenye ule mganda wa shayiri. Nilitegemea mzaha.

"Huyu ndugu ya Mzungu," akauliza, "alijua kwamba kitu yake imepeanwa?"

"Sijui," baba akasema. "Ingekuwa ni wewe ulinipa, nami nikaipeana, ungekasirika?"

"Ningekasirika sana, mkubwa." Akafikiri. "Lakini baadaye ningetaka kujua ulimpea nani. Huyo mtu ni wa aina gani, mpaka upeane kitu yangu."

"Ni mimi," baba akasema.